KITABU CHETU KIWE CHA NANI?



Wenzetu wengine wa Awendo, Rongo na Mbita wanachanga fedha ili wapige chapa vitabu vya hadithi na mashairi, kwa Kijaluo na kwa Kiswahili. Twawapongeza. Lakini twauliza: kazi hiyo itaandikishwa kwa jina la nani?

Jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1947 Bwana Oginga Odinga na wenzake waliandikisha kampuni, Luo Thrift and Trading Corporation, nayo ikawa na kiwanda chake cha kupiga chapa, Ramogi Press. Hawakutegemea maneno ya mdomo tu.

Njia ni tatu. Ya kwanza ni jina la biashara. Ni rahisi na ya haraka, lakini mbele ya sheria mwenye jina na biashara yake ni kitu kimoja. Mpiga chapa asipolipwa, aweza kumshtaki mwenye jina, na ng'ombe wake wakauzwa. Tena wengine waliochanga hawana hati yoyote mkononi.

Ya pili ni kampuni. Hapo deni haliwafuati wenye hisa zaidi ya thamani ya hisa zao. Lakini kwa kawaida kura hufuata hisa: mwenye fedha nyingi ndiye mwenye sauti, na mkata miwa aliyetunga hadithi hukaa kimya.

Ya tatu ni ushirika. Sheria ya mwaka 1997 ilitaka watu 10 au zaidi, kila mwanachama kura moja, na mtu mmoja asishike zaidi ya sehemu moja ya tano ya hisa. Wako watakaosema kwamba ushirika una mikutano mingi, na kwamba watunza hazina wamekula fedha. Ni kweli. Dawa yake ni hesabu kukaguliwa kila mwaka na kusomwa mbele ya wanachama wote.

Maoni yetu ni ushirika. Na tangu siku ya kwanza iandikwe kwamba mtungaji hubaki na haki ya kazi yake. Sheria ya Kenya huilinda haki hiyo miaka 50 baada ya kifo chake. Basi na watoto wake wapate fungu lao. Sisi tunaodai malipo ya haki kwa jasho la mikono, tusidhulumu jasho la akili.

Watu 10 wakiisha kupatikana, waende kwa Afisa wa Ushirika wa kaunti yao kabla ya kumpelekea mpiga chapa shilingi ya kwanza.