Muuguzi aliyesomea unasihi wa unyonyeshaji asihamishwe ovyo



Nina dukuduku kuhusu mafunzo ya unasihi wa unyonyeshaji wanayopewa wauguzi walio kazini. Mimi ni muuguzi mkunga na mafunzo hayo nimeyapata. Ninayasifu sana. Ninalolalamikia ni yale yanayomkuta muuguzi akisharudi na cheti chake.

Kwanza niwaeleze wasomaji, maana wengi wakisikia muuguzi amekwenda kusomea kunyonyesha hucheka. Hata kazini kwangu mganga mmoja aliniuliza mama zetu walisoma chuo gani hata wakatunyonyesha sisi. Ni kweli hawakwenda chuo. Lakini walijifungua bibi, shangazi na mama mkwe wakiwa kando ya kitanda, na tangu wasichana walikuwa wakiwaona wakubwa zao wakinyonyesha. Kwa mujibu wa utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022, katika kila watoto 100 wanaozaliwa nchini 81 huzaliwa katika vituo vya afya. Hilo ni jambo jema na limeokoa maisha ya wengi. Lakini maana yake ni kwamba saa ile ya kwanza, ambayo mtoto anatakiwa kuwekwa titini apate dang'a, bibi yuko nje ya geti anasubiri saa za kuona wagonjwa. Aliye karibu na mzazi ni muuguzi. Je, muuguzi naye asipojua, nani atamwelekeza?

Kozi niliyosoma inafuata mtaala uliotungwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF mwaka 1993. Ni ya saa 40, na saa 8 kati ya hizo ni za vitendo wodini pamoja na wazazi wenyewe. Hakuna aliyetupunguzia zamu kwa ajili hiyo. Wale waliotoka zamu ya usiku waliingia darasani asubuhi macho yakiwa mekundu, na hakuna aliyeacha.

Somo lililonigusa zaidi halikuhusu maziwa bali kusikiliza. Tulifundishwa kwamba mzazi asiulizwe, "Mtoto ananyonya vizuri?" Atajibu, "Ndiyo, sista," ili asigombezwe, na utapita kitanda cha pili bila kujua kwamba chuchu zake zimechubuka na usiku kucha amelia. Aulizwe, "Mtoto ananyonyaje?" Kisha muuguzi anyamaze, akae chini, amtazame mtoto akinyonya. Mdomo uwe wazi sana, mdomo wa chini ubinuke nje, kidevu kiguse titi, na ile sehemu nyeusi inayozunguka chuchu ionekane zaidi juu ya mdomo wa mtoto kuliko chini yake. Mara nyingi ukimsogeza mtoto kidogo tu, tumbo lake likaelekea tumbo la mama, maumivu hupungua papo hapo. Nimeona mzazi aliyekwisha kuagiza maziwa ya kopo akimwambia mumewe asiyanunue tena.

Malalamiko tunayoyasikia kila siku ni "maziwa hayatoki". Mzazi akishaamini hivyo, siku ya tatu mtoto anapewa maji, na mwezi wa pili uji mwepesi. Kumbe maziwa hutengenezwa kwa kadiri mtoto anavyonyonya, na kunyonya usiku husaidia sana. Baada ya siku chache za mwanzo, mtoto anayekojoa mara 6 au zaidi kwa siku, na uzito wake unaongezeka kwenye kadi ya kliniki, maziwa yanamtosha. Lakini kumwambia mama haya kwa sauti ya amri kutoka mlangoni mwa wodi hakusaidii. Inatakiwa kukaa naye nusu saa, na kwa aliyezaa kwa upasuaji au aliyezaa mapacha zaidi ya hapo.

Ndipo ninapofika kwenye dukuduku langu. Katika hospitali moja, ambayo sitaitaja, tulipelekwa wauguzi wanne. Haukupita mwaka, mmoja akapangiwa wodi ya majeruhi, wa pili chumba cha upasuaji, wa tatu akahamishwa wilaya. Mimi nikapelekwa wagonjwa wa nje, kupima presha na kuita namba. Wodi ya wazazi ikabaki haina hata mmoja wetu, na vitabu vya mafunzo vimefungiwa kabatini mwa ofisi. Nilipouliza nikajibiwa kwamba kila muuguzi lazima azungushwe ili ajue kazi zote. Sikatai kuzungushwa, kwani hata mimi kumenifaa. Lakini mbona aliyesomea dawa za usingizi hazungushwi?

Tena kuna jambo la nani anayechaguliwa. Semina ikiwa na posho, huwa anapelekwa mkubwa ambaye hajamshika mzazi mkono kwa miaka mingi, na akirudi hana hata muda wa kuwasimulia wenzake. Wale wahudumu wa wodi wanaolala na wazazi usiku kucha hawakumbukwi kabisa.

Unasihi ni kazi ya mikono na masikio, na hukomaa kwa kuifanya. Bodi ya kimataifa iliyoanzishwa mwaka 1985 kutahini washauri wa unyonyeshaji ina njia ya wahudumu wa afya kama sisi, na humo inadai masomo ya saa 95 na kuhudumia wanaonyonyesha kwa saa 1,000 ndani ya miaka 5. Muuguzi anayepata saa 2 kwa siku anahitaji siku 500 za kazi. Sasa huyo anayehamishwa kila baada ya miezi sita atazipata wapi?

Wapo watakaosema Tanzania inaendelea vizuri hata hivyo. Ni kweli, watoto wa chini ya miezi 6 wanaonyonya maziwa ya mama peke yake walikuwa asilimia 59 katika utafiti wa mwaka 2015-16, na katika ule wa 2022 wakafika asilimia 64. Ni hatua. Lakini hao 36 waliobaki katika kila 100 mama zao wengi walipita mikononi mwetu.

Jambo jingine ni hili. Mzazi mwenye ajira huuliza, "Sista, nikirudi kazini nitafanyaje?" Mnasihi humfundisha kukamua kwa mkono na kumnywesha mtoto kwa kikombe kidogo. Humweleza pia kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa likizo ya siku 84, au 100 akizaa watoto zaidi ya mmoja kwa mpigo, na baada ya hapo ruhusa ya kunyonyesha isiyozidi saa 2 kwa siku. Huku muuguzi mwenyewe anayeyasema hayo mwanawe wa miezi minne yuko nyumbani na yaya, maziwa yanamlowanisha sare, na wa kumpokea zamu hajafika.

Nawaomba waganga wafawidhi na wauguzi wakuu: aliyesomea unasihi akae wodi ya wazazi au kliniki ya watoto miaka 2 bila kuguswa, na saa zake za kunasihi ziandikwe kwenye ratiba kama zinavyoandikwa saa za kugawa dawa. Hilo halihitaji fedha wala wafadhili. Ratiba za zamu hupangwa kila mwezi, na kalamu wanayo wao.

Muuguzi Mkunga,
Dodoma.