Daktari Naye Arudi Darasani

Mwalimu yeyote aliyefundisha miaka mingi anaijua adha ya mkaguzi. Huja bila taarifa, huketi nyuma ya darasa, huomba daftari la maandalio, na kabla ya kengele ya mwisho mwalimu amekwisha kuelezwa alipokosea. Daktari wa upasuaji hana mkaguzi wa namna hiyo. Akishashika kisu, walio naye chumbani aghalabu ni watu wa chini yake, na mgonjwa mwenyewe yumo katika usingizi wa dawa. Kwa sababu hiyo yafaa tuzitazame habari za Stockholm, Sweden, ambako madaktari waliohitimu zamani walikubali kufundishwa upya kazi waliyokuwa wakiifanya kila siku.

Kazi yenyewe ni upasuaji wa saratani ya puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Puru imezungukwa na tabaka la mafuta lenye tezi na mishipa, na humo chembe za saratani hujificha. Zamani wapasuaji wengi waliing'oa puru kwa kupapasa kwa mkono pasipo kuona vema, na vipande vya tabaka hilo vikabaki ndani ya nyonga. Mwaka 1982, Bill Heald na wenzake wa Basingstoke, Uingereza, walitoa hoja kwamba mabaki hayo ndiyo yanayoirudisha saratani pale pale. Wakashauri tabaka hilo litolewe likiwa zima, mpasuaji akifuata utando wake kwa macho, hatua kwa hatua. Hapakuwa na dawa mpya wala mtambo mpya. Kilichotakiwa ni mkono uliofundishwa.

Walakini, elimu iliyochapishwa kitabuni si elimu iliyokwisha kufika chumba cha upasuaji. Miaka zaidi ya kumi ilipita kabla ya mafunzo kufanyika Stockholm katikati ya miaka ya 1990. Upasuaji ulionyeshwa kwa televisheni papo hapo ulipokuwa ukifanyika, madaktari wakitazama. Wataalamu wa maabara nao walifundishwa kukichunguza kile kilichotolewa. Naona hili la pili ndilo lililokuwa na maana zaidi, maana hatimaye mpasuaji alipata mkaguzi.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2000. Katika majaribio mawili ya awali mjini humo, saratani ilirudi pale pale ndani ya miaka miwili kwa wagonjwa 15 na 14 katika kila 100. Kwa waliopasuliwa mwaka 1995 na 1996 idadi hiyo ilishuka hadi 6. Waliotolewa njia yote ya haja kubwa, wakaishi na mfuko wa kupokelea choo tumboni, walikuwa 60 na 55 katika kila 100, wakawa 27. Msomaji na amfikirie mwalimu anayesimama mbele ya wanafunzi 70 akiwa na mfuko huo, ndipo atakapojua uzito wa tarakimu hizo. Ni kweli kwamba kulinganisha vipindi viwili si ushahidi kamili, na mionzi nayo ina sehemu yake. Lakini Norway ilipowafundisha wapasuaji wake vivyo hivyo, ikaanzisha na daftari la taifa mwaka 1993 ambamo kila hospitali iliona matokeo yake kando ya wastani wa nchi, huko nako saratani iliyorudi ilipungua sana.

Sasa tujitazame. Semina tunazo, na vyeti vya kuhudhuria tunavyo tele. Mwaka 1999 Dave Davis na wenzake walipopima mafunzo ya madaktari, walikuta kwamba hotuba peke yake hazibadilishi utendaji. Mafunzo ya kushiriki na kufanya mazoezi ndiyo yaliyoweza kuubadilisha. Sidhani kama mtumishi aliyewahi kusinzia ukumbini baada ya chakula cha mchana atashangaa.

Tena mafunzo yasiishie kwa mabingwa. Mgonjwa anayetoka damu haja kubwa huanzia zahanati, na mara nyingi huambiwa ni bawasiri, akapewa dawa ya kupaka. Uchunguzi wa kidole kilichovikwa glavu ungeweza kuugundua uvimbe ulio chini, nao hauna gharama ya kutaja. Huachwa kwa haya, ya daktari na ya mgonjwa pia. Haya hiyo nayo ni somo la kufundishwa.

Zipo hospitali zenye mpasuaji mmoja tu; akiitwa masomoni kwa mwezi mzima, nani atapasua? Basi mwalimu ndiye amfuate aliko, wasimame meza moja, wapasue pamoja wagonjwa kadhaa, kisha arudi baada ya miezi sita kutazama daftari la waliopona na waliorudi. Safari hiyo itengewe fungu katika bajeti ya hospitali, kama linavyotengwa fungu la dizeli ya gari la wagonjwa.