Mcheza Kwao Hutunzwa: Nani Atamtunza Mwundaji wa Vifaa?

Ndugu msomaji, uwe Gitega, Muyinga au kwingineko unakojifunza Kiswahili, leo tupambanue vitenzi vitatu ambavyo wengi huvichanganya: kubuni, kuunda na kuunganisha. Kubuni ni kukiona kitu akilini kabla hakijakuwapo. Kuunda ni kukipa umbo. Kuunganisha ni kuzikutanisha sehemu zake hata kikafanya kazi. Kampuni ndogo ya vifaa vya elektroniki huhitaji vyote vitatu, na aghalabu hukwama baada ya kile cha kwanza.

Chukua mfano wa BRCK ya Nairobi. Mwaka 2013 waasisi wake, waliotokana na Ushahidi, walitangaza kifaa imara cha kuunganisha kompyuta na intaneti, chenye betri ya kuendelea kufanya kazi umeme ukatikapo. Walichangisha zaidi ya dola 170,000 kutoka kwa watu waliokubali kulipa kabla ya kukiona. Hata hivyo, wanunuzi walianza kukipokea mwaka 2014, na ingawa kilibuniwa Nairobi, kiliunganishwa Marekani.

Je, Wakenya walikosa akili? La hasha. Viwanda vya vipuri viko mbali, hudai malipo mapema, na hupenda kuuza kwa wingi. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Katika elektroniki, haba ni ghali. Gharama ya kuchonga kalibu ya plastiki ni ileile, vikitoka vifaa mia au laki moja. Kosa dogo la mchoro likigunduliwa baada ya kuagiza, shehena nzima huwa hasara. Kampuni kubwa humeza hasara hiyo. Ndogo humezwa nayo.

Sasa tuitazame nchi yetu. Tuseme kijana wa Gitega amebuni kifaa cha kupima unyevu wa kahawa iliyoanikwa, kwa kuwa unyevu ukizidi kahawa huota ukungu na kupoteza thamani. Wanunuzi wake ni wachache: vyama vya ushirika na vituo vya kuoshea kahawa. Vipuri hulipiwa kwa fedha za kigeni, nazo ni adimu. Vikishuka bandarini Dar es Salaam, husafiri zaidi ya kilomita 1,000 hadi mpaka wa Kobero, upande wa Muyinga. Hapo forodha huuliza: hii ni malighafi, bidhaa ya kati au bidhaa kamili? Katika ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, malighafi kwa kawaida hutozwa asilimia 0, bidhaa ya kati 10, na bidhaa kamili 25 au zaidi. Jibu moja laweza kuamua kama kifaa chake kitauzika.

Wapo wasemao: kwa nini tusinunue cha ugenini kilicho tayari? Hoja hiyo ina uzito, wala simtetei mwundaji wa kitu kibovu. Asitake tumnunulie kwa huruma. Lakini cha ugenini kikiharibika Muyinga, nani atakitengeneza? Anayeuza kifaa alichokiunda mwenyewe huuza pia ujuzi wa kukifufua, na ujuzi huo hubaki nchini.

Kwa maoni yangu, mambo mawili yanawezekana. Kwanza, mwundaji mdogo aelezwe kwa maandishi, kabla hajaagiza, vipuri vyake vitatozwa kiasi gani. Pili, tarafa, shule na vyama vya ushirika viagize kwake vifaa vichache vya majaribio na kulipa sehemu ya bei mapema, kwa mkataba wenye dhamana. Huo si msaada. Ni biashara inayompa muda wa kupumua.

Nawe mwanafunzi usijione mdogo. Uraia si kupiga kura tu; ni pia kuuliza fedha za umma hununua nini, na kwa nani. Andika aya mbili kwa Kiswahili sanifu: taja kifaa kimoja kinachohitajika kwenu, kisha ueleze nani angekuwa mnunuzi wake wa kwanza. Husemwa kwamba mcheza kwao hutunzwa. Lakini hatunzwi kwa makofi peke yake: kubuni, kuunda na kuunganisha havitoshi pasipo kitenzi cha nne, kununua.