Amekuzidi mkono? Mpe kiti

KANDO YA LUKUGA
Na Kabwe Mulongo

Tangu Februari 2025, Bukavu ilipoingia mikononi mwa waasi wa M23 na boti za kutoka Uvira zikaanza kushusha familia nzima nzima kwenye bandari yetu, Kalemie imepokea watu wa kila kazi: walimu, mafundi wa simu, washonaji, wasusi. Mwalimu akifika hapa anasubiri serikali. Msusi hasubiri mtu. Kesho yake asubuhi ana kitana mkononi, anapita mlango kwa mlango kuuliza kama kuna kiti.

Hapo ndipo usingizi wa mama patroni unapokatika. Mmoja wao, mwenye saluni si mbali na avenyu Lumumba, alinieleza shida yake bila kuficha. Binti alikuja, akapewa kichwa kimoja cha kujaribiwa, na hata hajafika nusu patroni alishaona. "Yaya," aliniambia, "yule mtoto ananishinda. Tena si kidogo. Nikimpa kiti, wateja watamwita yeye. Nikimnyima, ataenda kwa jirani na watamfuata hukohuko. Nifanye nini?"

Mpe kiti. Hilo ndilo jibu langu na nitalitetea. Nina masharti, ila mengi yanamhusu mama kuliko binti.

Kwanza tuone alichokiona. Sisi wanaume tunaokaa nje kwenye benchi tukisubiri wake zetu tunadhani rasta ni rasta. Sivyo. Namna iliyozoeleka ni kufunga meshi yote, yaani nywele za kuongezea, kwa mara moja kwenye shina la nywele. Fundo dogo linakaa juu ya ngozi, kisha mkono unashuka. Kazi inakwenda mbio, lakini fundo linavuta, na usiku wa kwanza mteja hajui alaze kichwa upande gani. Binti yule alianza na nywele za mteja mwenyewe, akasuka mizunguko michache mitupu, ndipo akaongeza meshi kidogo, akashuka, akaongeza tena. Fundo hakuna. Rasta ikalala kichwani kana kwamba imeota pale. Alipofika kwenye nywele laini za pembeni mwa uso, akalegeza mkono na kupunguza meshi, kwa sababu pale ndipo nywele zinapokimbia zikivutwa mwaka hadi mwaka. Mama zetu wengi wanaofunga kitambaa mpaka karibu na nyusi wanajua ninachosema. Na wakati wote huo, patroni anasema, binti hakumwambia mteja "vumilia" hata mara moja.

Huo ndio ufundi uliomtisha. Mimi naona ungemfurahisha, kwa sababu ya hesabu rahisi kabisa.

Rasta ndogo za kufika kiunoni zinakula saa 5, 6, hata 7. Msusi mmoja, awe hodari namna gani, hawezi kumaliza vichwa viwili vya aina hiyo kwa siku bila kulala palepale. Kwa hiyo saluni ya mikono miwili ina kipimo chake cha mapato, na patroni akiugua malaria kipimo hicho ni sifuri. Gharama hazina kipimo. Mwenye nyumba anajua kupandisha kodi. Umeme wa Bendera ukikatika, jenereta inataka mafuta, wateja wawepo wasiwepo. Tuseme kichwa, kwa wastani wa mitindo yote, ni faranga 30,000 na mapatano ni nusu kwa nusu. Binti ambaye wateja wanamuulizia akisuka vichwa 8 kwa wiki, patroni anapokea faranga 120,000 ambazo vidole vyake havikuzitolea jasho. Msusi wa kawaida, asiyeulizwa na mtu, akipata vichwa 3, patroni anapokea 45,000. Kodi ni ileile, kioo ni kilekile, sabuni ni ileile. Anayeajiri mdogo wake kwa ufundi ili abaki kuwa mkubwa saluni analipia ukubwa huo faranga 75,000 kila wiki. Ni heshima ya bei ghali.

"Lakini ataondoka na wateja wangu." Ndiyo, ataondoka. Hilo tusidanganyane. Mwenye mkono kama ule hakai kwenye kiti cha mtu maisha yote. Amani ikirudi atarudi kwao, au atafungua kwake hapahapa Kalemie. La kuangalia ni muda atakaokaa utakuwa mrefu kiasi gani, na siku ya kuondoka atakuacha vipi.

Cha ajabu, katika saluni hizi hizi spika inapiga Franco kuanzia asubuhi, na hakuna patroni anayelitegea sikio somo lililo ndani yake. Franco Luambo alikuwa gwiji wa gitaa, lakini kwa sauti kulikuwa na watamu kuliko yeye, na alijua. Akawatafuta. Mwaka 1972 alimchukua Sam Mangwana, aliyekuwa ameimba upande wa mshindani wake mkubwa, Tabu Ley. Mwaka 1980 akamleta Madilu, kijana aliyekuwa amezunguka bendi kadhaa bila kupata jina kubwa. "Mamou" ilipotoka mwaka 1984 na "Mario" mwaka 1985, nchi nzima ilikuwa inaimba sehemu za Madilu. Je, Franco alipungua? Mpaka leo ukitaka "Mario" unasema niwekee ya Franco. Simaro Lutumba, mtunzi aliyeweza kuwa na bendi yake siku yoyote aliyotaka, aliingia OK Jazz, bendi ya Franco, mwaka 1961 na alikuwa bado yupo Franco alipofariki Oktoba 1989. Miaka 28 kwenye kiti cha mtu mwingine!

Waliondoka pia. Verckys, yule wa saksafoni, alirekodi na wenzake kwa kificho Franco akiwa Ulaya, na mwaka 1969 akatoka kuanzisha bendi yake. Ilikuwa fedheha. Hata hivyo "Mario" ilikuja miaka 16 baada ya fedheha hiyo, kwa hiyo atakayesema OK Jazz iliuawa na aliyeondoka atutafutie kaburi lake.

African Jazz ya Kabasele iliishia vingine. Mwaka 1963 Rochereau, yuleyule Tabu Ley, na Docteur Nico waliondoka pamoja, wakaunda African Fiesta, na Kabasele, Grand Kallé mwenyewe, baba wa wote hao, akabaki na jina bila watu wake. Wanaosimulia habari zile hawakosi kutaja pesa. Kabasele hakukosea kuwachukua vijana waliokuwa na vipaji vya kutisha. Bila wao African Jazz isingekuwa ile tunayoisikia. Kilichomwangusha kilikuwa kwenye mgawanyo, na mgawanyo hauna uhusiano na nani ana sauti tamu.

Kwenye nywele zenyewe kuna kisa ambacho kila patroni angepaswa kukijua. Huko Marekani, mji wa St. Louis, mwanzoni mwa karne ya 20, mama mmoja mweusi aitwaye Annie Turnbo, baadaye Annie Malone, alitengeneza dawa za nywele zilizoitwa Poro na akaajiri wanawake wazungushe. Mmoja wao alikuwa mfua nguo, Sarah Breedlove. Mwaka 1905 Sarah alihamia Denver akiuza Poro, halafu akaanza dawa zake mwenyewe, akaolewa na Charles Joseph Walker, na dunia ikamjua kwa jina la Madam C.J. Walker. Alimzidi patroni wake kwa sifa, na Annie Malone aliumia. Mwaka 1906 alisajili jina la Poro ili waigaji wasilichezee. Basi msomaji atadhani Sarah ndiye aliyemmaliza. Hapana. Mwaka 1918, miaka 13 baada ya Sarah kuondoka, Malone alifungua Chuo cha Poro, jumba kubwa la kufundishia kazi ya urembo mjini St. Louis. Pigo zito lilikuja mwaka 1927, kwenye talaka. Mume wake, ambaye alikuwa amemweka kwenye uongozi wa kampuni, alidai nusu ya mali, na mama akamlipa dola 200,000 aende zake.

Nikikumbuka kisa hicho nazitazama saluni zetu. Patroni anamwogopa msusi, na sanduku la pesa amempa shemeji.

Sasa masharti. Watu wananiambia, mfungeni kwa mkataba kwamba akiondoka asisuke Kalemie. Sheria ya Kazi ya nchi yetu, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, haikupi kamba hiyo kirahisi. Kwa kawaida, kifungu kinachomkataza mfanyakazi kufanya kazi yake mwenyewe au kwenda kwa mwajiri mwingine baada ya mkataba kwisha ni batili. Umebaki mlango mwembamba: kama alifukuzwa kwa kosa zito, au aliacha kazi mwenyewe bila mwajiri kuwa na kosa zito, na kama anawajua wateja au siri zako kiasi cha kukudhuru vibaya, katazo linaweza kushika, kwa kazi ileile aliyokuwa akiifanya, na lisipite mwaka 1. Ukitaka kwenda mahakamani kugombea rasta za watu, nenda. Mimi ningebaki saluni nikasuke.

Karatasi yenye faida ni ile ya siku ya kwanza. Mgawanyo uandikwe: nusu ni nusu ya nini, kabla ya meshi kutolewa au baada? Siku isiyo na mteja inalipwa au hailipwi? Mafuta ya jenereta ni ya nani? Ugomvi mwingi ninaousikia saluni unaanzia kwenye maswali hayo matatu, na mdomo hauweki kumbukumbu. Tena sheria hiyohiyo inasema mkataba usioandikwa unahesabiwa kuwa wa muda usio na kikomo mpaka ithibitishwe vingine, jambo ambalo mapatroni wengi wanaopenda "tutaongea tu" wangelijua wangekimbilia kalamu.

Kisha simu. Leo mteja anachagua msusi kwenye status ya WhatsApp. Kama picha zote za kazi nzuri ziko kwenye simu ya binti, na mteja anapanga siku na binti, saluni yako ni kivuli cha kukalia tu. Nunua simu ya saluni, namba moja iliyopakwa ukutani, picha zipigwe kwa simu hiyo na jina la aliyesuka litajwe. Nasisitiza litajwe. Nimeona patroni akijiandika yeye kwenye kazi ya msichana wake. Wateja walijua, msichana alijua, na baada ya muda kiti kilikuwa kitupu. Kilichompeleka mlangoni kilikuwa wizi wa jina, ingawa kipaji chake kilitosha kumpeleka wakati wowote.

Na patroni naye abadilike. Anayekuzidi kusuka hajakuzidi kila kitu. Wewe unajua mteja gani ngozi yake haivumilii defriza na yupi analipa mwisho wa mwezi. Unajua meshi ipi iliyovuka ziwa kutoka Kigoma ni nzuri na ipi inatoa rangi ikilowa. Unajua kuzungumza na mtoza kodi bila kugombana. Kusuka ni kazi moja, kuendesha saluni ni nyingine, na wengi wenu mlipanda kwenye ya pili bila kuambiwa. Siku mbili kwa wiki kaa wewe kwenye kiti cha chini, umwombe binti akufundishe kuanza bila fundo. Najua ni kidonge kichungu mbele ya wateja. Basi afundishe Jumatatu asubuhi, mlango umefungwa.

Yupo wa kumkataa, sitaki nieleweke vibaya. Anayemsengenya mteja aliyetoka sasa hivi, anayefika saa 5 wakati mteja ameketi tangu saa 2, anayewadharau wenzake waliomtangulia, huyo hata akisuka kama jini mwache apite. Saluni ndogo haiwezi kubeba kiburi, kiwe cha msusi au cha patroni.

Lakini kuna kukataa kwingine kunakonikera zaidi, na ndiko kunakoenea. Patroni anamkubali mkimbizi mwenye mkono wa dhahabu, kisha anamlipa chakula na mkeka wa kulalia, kwa sababu anajua hana ndugu hapa wala pa kwenda. Anajiona mjanja. Mgeni njoo mwenyeji apone, wahenga walisema, hawakusema mgeni njoo akamuliwe. Binti huyo ana macho. Anahesabu vichwa alivyosuka na anajua bei ya kila kimoja. Atakapopata faranga za meza na kioo, ataondoka usiku, na hapo mama patroni atatutangazia kwamba watu wa Kivu hawana shukrani.

Desemba inakuja. Kalemie nzima itataka kichwa kipya kabla ya bonane, na foleni zitaanza wiki mbili kabla ya Noeli. Mama patroni mwenye kiti kitupu na jina la binti kwenye simu yake ampigie wiki hii, waandikiane nakala mbili, kila mmoja abaki na yake. Ukingoja mpaka tarehe 20, utamkuta kwa jirani.