Usukani Unaotetema na Hesabu ya Jioni

Mimi ni mmiliki wa bodaboda. Nalisema hilo mapema kwa sababu katika ukurasa huu nimewahi kuwaandika wamiliki kana kwamba ni watu wa sayari nyingine, nami nikiwa mmoja wao. Pikipiki yangu ni moja tu, ya cc 125, niliyoinunua kwa akiba ya kazi za ziada na kumkabidhi kijana wa mtaani kwetu Changanyikeni kwa mkataba unaojulikana na kila mtu: alete shilingi 8,000 kila siku, siku sita kwa wiki, kwa miezi 14, kisha chombo kiwe chake.

Mwezi wa tano wa mkataba alinipigia simu. Bajaji iliyokuwa mbele yake ilisimama ghafla, akaigonga kwa nyuma kwa mwendo mdogo, na gurudumu la mbele likaangukia mtaroni. "Mwalimu, tumegusana kidogo tu. Mimi mzima, chombo kizima." Nilimpa pole. Swali langu la pili, nakiri, lilihusu hesabu ya jioni. Aliileta, tena kamili.

Wiki tatu baadaye niliiazima pikipiki Jumapili niende msibani Kimara. Baada ya Ubungo, nilipokuwa napunguza mwendo kutoka kilomita 60, usukani ulianza kutetema mikononi mwangu, kushoto na kulia, mara kadhaa ndani ya sekunde moja. Nilisimama kando ya barabara magoti yakiwa yamelegea. Nilipomrudishia chombo nikamwuliza tangu lini. Akajibu kwa utulivu ulionitisha kuliko mtetemo wenyewe: "Tangu siku ile ya bajaji. Ukiubana kwa nguvu unatulia, Mwalimu. Nimeshauzoea."

Na ni kweli, hutulia. Mikono ya dereva ni breki ya mtetemo wa namna ile, na ndiyo maana kasoro hiyo inaweza kufichika kwa miezi. Lakini ukipakia abiria wawili na gunia la mkaa, uzito huhamia nyuma, gurudumu la mbele huwa jepesi, na siku moja mikono haitoshi. Kijana huyu hubeba wanafunzi wetu kila asubuhi.

Fundi wa kwanza, jirani wa kijiwe chao, hakupoteza muda. Aliikaza nati ya shingo ya usukani hadi usukani ukawa mzito kugeuza, akadai elfu tano. Mtetemo ulipotea. Kilichokuja badala yake ni pikipiki inayoyumba kama mlevi kwenye foleni, maana usukani uliokazwa kupita kiasi hauwezi kujirekebisha katika mwendo wa polepole. Nimekaa katika kamati nyingi za umma, nami niliitambua mara moja kazi ile: dalili ilikuwa imezimwa, na aliyelalamika alikuwa amepewa jibu.

Fundi wa pili ni mzee mwenye gereji chini ya mwarobaini, upande wa Makongo. Huyu kwanza aliilegeza nati ile, kisha akanieleza jambo ambalo nililipita shuleni bila kulielewa. Tairi la mbele hugusa lami nyuma kidogo ya pale ambapo mstari wa shingo ya usukani, ukiurefusha hadi chini, ungeigusa. Kwa hiyo gurudumu hufuata nyuma ya shingo kama gurudumu la toroli la sokoni, na hujinyoosha lenyewe. Kitu kikilegea au kikipinda, hujinyoosha kupita kiasi, likarudi, likapita tena. Huo ndio mtetemo. Unaweza kuzaliwa na sababu sita au saba, na alikataa kununua hata nati kabla ya kujua ni ipi.

Alianza na upepo wa tairi, ambao haugharimu kitu. Ulikuwa mdogo, akaujaza, tukajaribu, mtetemo ukapungua bila kwisha. Akaisimamisha pikipiki kwenye stendi ya kati, akaweka tofali chini ya injini hadi gurudumu la mbele likaning'inia. Akashika sehemu ya chini ya shokapu zote mbili, akazivuta mbele na kuzisukuma nyuma: kulikuwa na mlio mdogo, tak, kutoka shingoni. Kisha akaugeuza usukani polepole kwa kidole kimoja kutoka upande hadi upande. Ulipofika katikati, uliingia katika kishimo na kukaa, kana kwamba mtu ameukamata. Aliniita nijaribu mwenyewe. Gololi za shingoni zilikuwa zimepigwa kwa nguvu siku ile ya mtaro hadi zikachimba vishimo katika vikombe vyake, hivyo hakuna kukaza kunakoweza kuviziba.

Akafunga kalamu kwenye mguu wa shokapu, ncha ikielekea ukingo wa ringi, akalizungusha gurudumu. Ringi ilisogea na kurudi kwa milimita nne hivi. Kawaida isizidi mbili. Akagonga spoku mojamoja kwa spana, akisikiliza. Zilizokaza zililia, tatu zikatoa sauti ya kijiti. Mwisho akatoa mabomba mawili ya shokapu, akayaviringisha juu ya kipande cha kioo cha dirisha. La kushoto lilitulia. La kulia lilipanda na kushuka, na mwanga ukapita chini yake. Kijana wangu aliinama kuutazama mwanga ule kwa muda mrefu bila kusema neno.

Kwa shilingi 10,000 lingeweza kunyooshwa kwa moto, na mafundi wengi hufanya hivyo. Mzee alikataa: moto huunguza ile ngozi inayong'aa ya bomba, ikakwaruza sili inayozuia mafuta, na chuma kilicholainishwa hupinda tena mahali palepale. Tukanunua bomba, gololi na vikombe vyake. Ringi ikanyooshwa kwa kukaza na kulegeza spoku. Wakati wa kufunga hakukaza vibano vya shokapu mara moja. Alivilegeza, akalibana gurudumu kwa magoti na kuulinganisha usukani nalo, akaididimiza pikipiki mara kadhaa ili vyuma vijipange vyenyewe, ndipo akakaza. Jumla ilikuwa shilingi 145,000.

Igawe kwa hesabu ya siku. Ni siku 18. Na mkataba, uliochapwa katika kompyuta ya mezani kwangu, una kifungu kinachosema kwamba matengenezo yote ni juu ya dereva, na siku isiyoletewa hesabu huhesabiwa deni. Kifungu hicho sikukitunga. Nilikinakili kutoka mkataba wa mwenzangu, naye alikinakili kwingine. Lakini sahihi ni yangu. Kijana aliyeanguka mtaroni alikuwa na njia mbili: aseme ukweli na kuanza mwezi akiwa na deni la siku 18, au aubane usukani kwa nguvu. Alichagua kama ambavyo ningechagua mimi.

Tunapozungumzia ajali za bodaboda, tunazungumzia mwendo kasi, kofia ngumu, mishikaki na vijana wasio na subira. Hayo yapo, na sitayakana. Inawezekana siku ile alikuwa karibu mno na bajaji. Lakini barabarani nimesimamishwa mara nyingi na kuombwa leseni na bima, na sijawahi kumwona mtu akiinama kuutikisa mguu wa shokapu, kazi isiyozidi dakika moja. Hali ya chombo tumeiacha mikononi mwa mtu ambaye tumemwadhibu mapema kwa kuisema.

Watumishi wa halmashauri wanaosoma hapa wana nafasi nisiyo nayo. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na vikundi vingi vya vijana huombea pikipiki. Mnapopitisha andiko la kikundi, ulizeni ukurasa wa matengenezo uko wapi, na pikipiki ikianguka ni nani atakayeilipia siku ya gereji. Kama jibu ni "dereva mwenyewe", lirudisheni.

Wamiliki wenzangu watasema kwamba ukisamehe siku za gereji, dereva atabuni ajali. Huenda mmoja atabuni. Lakini gurudumu likiinuliwa na usukani ukazungushwa kwa kidole kimoja, kishimo ama kipo ama hakipo, na bomba juu ya kioo halijui kusema uongo. Mimi nimekifuta kifungu kile. Chombo kikianguka kinaenda kwa mzee kukaguliwa kabla hakijapakia abiria, gharama ya sehemu ya mbele ni yangu, na siku hizo hazina hesabu. Mkataba utachelewa kidogo kwisha, nami nitachelewa kurudisha fedha yangu.

Jumanne jioni tulikwenda kuijaribu pamoja, yeye akiendesha, mimi nyuma. Ilipofika 60 alipunguza mwendo kama nilivyofanya siku ile, na sikuhisi chochote. Nikachungulia juu ya bega lake: vidole vilikuwa vimeubana usukani kwa nguvu. Nikamwambia alegeze. Akasema, "Bado kidogo, Mwalimu."