Saratani ya Nairobi Inazikwa Mashambani Bila Kuhesabiwa



Nawauliza wakuu wa afya wa Kaunti ya Nairobi: wakazi wangapi wa jiji hili huuawa na saratani kila mwaka?

Kuhusu wagonjwa wapya, angalau tuna pa kutazama. Rejista ya saratani ya Nairobi ilianzishwa katika taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, mwaka 2001, nayo imeonyesha kuwa wanawake wa hapa hupatwa zaidi na saratani ya matiti na ya mlango wa kizazi, wanaume ya tezi dume na ya umio. Vifo ndivyo vinavyotuponyoka. Mtu wa Kayole akishaambiwa dawa hazifui dafu tena, jamaa humrudisha mashambani. Akifia nyumbani, kibali cha mazishi hutafutwa kwa naibu wa chifu, na chanzo cha kifo huandikwa jinsi wafiwa watakavyosimulia. Wengi huona haya kutaja saratani. Wengine hospitali haikuwaeleza sawasawa. Soma matangazo ya vifo uone: "aliugua kwa muda mrefu." Aliugua nini?

Halafu kuna kinyume chake. Mjomba wangu, mkulima wa Kitui, alipokuja kutibiwa kwa mionzi, karani wa hospitali moja jijini alimuuliza amefikia wapi, akaandika mtaa wangu. Tukamzika Kitui. Kwenye faili bado ni mkazi wa Umoja!

Basi Nairobi inahesabiwa wagonjwa wasio wake, na wafu wake hawaonekani. Kwa hesabu kama hizo kaunti itajuaje iajiri wauguzi wangapi wa kutuliza maumivu, au kliniki za kupima mlango wa kizazi ziongezwe mtaa gani? Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lilikadiria kuwa mwaka 2020 Kenya ilipata wagonjwa wapya zaidi ya 42,000 na vifo zaidi ya 27,000. Tunakadiriwa na wageni kwa kuwa wenyewe hatujajihesabu ipasavyo.

Sheria ya saratani tunayo tangu 2012. Kilichobaki hakihitaji mashine. Karani amuulize mgonjwa anaishi wapi kwa kawaida na ameishi hapo tangu lini. Naibu wa chifu naye awaulize wafiwa kama marehemu aliwahi kutibiwa saratani, na hospitali gani, kisha nakala ifike kwenye rejista. Wakuu wa kaunti watujibu kupitia ukurasa huu: kazi hiyo itaanza lini?

Mkazi wa Umoja,
Nairobi