Kabla Hujashika Mkasi

Juma hili naanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe.

Jirani yangu mmoja hapa Gisenyi, mke wa askari, alijaliwa kununua simu mpya. Mumewe alikuwa mbali kikazi, na desturi yake ilikuwa kupiga simu kila Jumamosi jioni ili asalimiane na watoto. Laini ya mama huyo ilikuwa ya zamani, nayo haikuingia katika simu mpya kwa ukubwa wake. Akanijia, akasema, "Mwalimu, wewe una mkono mtulivu, nikatie." Nami, kwa kulewa sifa, nikatwaa mkasi wa kushonea. Kadi iliingia vizuri sana, lakini simu haikuitambua.

Kesho yake tulikwenda kuomba kadi nyingine. Tukaulizwa kitambulisho cha mwenye laini. Kumbe laini ilikuwa imeandikishwa kwa jina la mumewe! Jumamosi mbili zilipita watoto wakiizunguka simu isiyolia.

Basi tujifunze kutokana na kosa hilo. Kadi za kwanza za aina hii zilitengenezwa mwaka 1991 mjini München, Ujerumani, nazo zilikuwa na ukubwa wa kadi ya benki. Baadaye zikapunguzwa. Kadi ya kawaida tuliyoizoea ina urefu wa milimita 25 na upana wa milimita 15. Ile ya kati ina milimita 15 kwa 12. Iliyo ndogo kabisa, iliyotoka mwaka 1992 ukiongeza miaka ishirini, yaani 2012, ina milimita 12.3 kwa 8.8, na ndiyo inayotumiwa na simu nyingi za siku hizi.

Wengi hudhani kwamba bati la rangi ya dhahabu ndilo moyo wa kadi. Sivyo. Bati hilo ni mlango tu wa kupitishia umeme na habari. Moyo wenyewe ni chipu ndogo iliyofichwa nyuma ya bati hilo, katikati. Ndiyo sababu kingo za plastiki hukatika bila madhara, lakini mkasi ukipotea njia kidogo tu, au kadi ikipindwa, chipu huvunjika, wala hakuna fundi awezaye kuiunga.

Tena yafaa kujua nini kimo katika kadi na nini hakimo. Namba yako na fedha zako za MoMo zimo katika vitabu vya kampuni. Kadi ni ufunguo tu. Ufunguo ukivunjika, mwenye nyumba hupewa mwingine. Lakini majina ya jamaa uliyoyahifadhi ndani ya kadi hupotea pamoja nayo.

Kwa hiyo fuata utaratibu huu. Kwanza, itazame kadi yako kwa makini. Kadi nyingi za miaka ya karibuni zimekwisha kuchongwa mistari ya vipimo vyote vitatu. Hiyo husukumwa kwa kidole tu. Pili, hamishia majina yote katika simu, au yaandike daftarini. Tatu, hakikisha laini imeandikishwa kwa jina la nani. Nne, nenda ukabadilishiwe kadi, ukichukua kitambulisho. Hiyo ndiyo njia ya salama.

Ikiwa huna budi kukata, zima simu kwanza. Chukua kadi nyingine ya kipimo unachotaka, iweke juu ya ile ya zamani, mabati yakilingana na pembe iliyokatwa ikielekea upande mmoja. Chora kwa kalamu yenye ncha kali, kata nje ya mstari, kisha malizia kingo kwa msasa laini. Usisugue mgongoni, kwani chipu iko huko. Jua pia kwamba kadi ya zamani ina unene wa milimita 0.76, na ndogo kabisa ina 0.67. Tofauti hiyo yaonekana si kitu, lakini yatosha kuifanya kadi ikwame. Ikikataa kuingia, usiilazimishe, usije ukaharibu na simu.

Sisi wa Gisenyi tunalo jambo la ziada. Wengi wetu tuna laini mbili, ya Rwanda na ya Kongo, kwa kuwa Goma ni pua na mdomo. Laini ya Kongo ikiharibika, haibadilishwi hapa. Sharti uvuke mpaka. Hiyo usiijaribu kwa mkasi kamwe.

Nanyi ndugu zetu askari na polisi, neno hili ni lenu. Katika Rwanda laini huandikishwa kwa kitambulisho tangu mwaka 2013. Mwenye jina ndiye mwenye laini, hata kama haishiki. Kabla hujaagizwa kwenda mbali, fuatana na mkeo, laini anayoitumia iandikwe kwa jina lake. Ni kazi ya asubuhi moja.

Jirani yangu alikwisha kunisamehe. Mumewe alipokuja likizo, jambo la kwanza walilofanya lilikuwa hilo. Mkasi wangu sasa unakata nguo tu.